Fahamu nyuso za plastiki zenye maumbo madogo: zinavyofukuza maji na kusaidia kutambua sumu

Na Mwandishi Wetu

Plastiki ya kawaida inaweza kupewa kazi mpya kwa kuwekewa juu ya uso wake vinundu, mifereji au nguzo ndogo zisizoonekana kwa macho. Uso wa namna hiyo huweza kufukuza maji, kujisafisha wenyewe, au kuitumia nuru kutambua kemikali na chembe za ugonjwa zilizomo katika tone moja la kimiminika. Makala haya yanaeleza nyuso hizo ni nini, zinafanyaje kazi, zinatengenezwaje, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyazingatia anaposikia habari zake.

Vipimo vinavyohusika

Milimita moja ina mikromita 1,000, na mikromita moja ina nanomita 1,000. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 50 hadi 100. Maumbo yanayozungumzwa hapa huanzia makumi ya mikromita na kushuka hadi makumi ya nanomita. Nuru inayoonekana kwa macho ina mawimbi yenye urefu wa takriban nanomita 400 hadi 700. Kwa sababu hiyo, maumbo yenye ukubwa unaokaribiana na huo hubadili mwenendo wa nuru.

Mfano ulio karibu na kila mtu ni CD ya muziki. Diski hiyo hutengenezwa kwa polima iitwayo polikaboneti, na mistari ya vishimo vyake imepishana kwa mikromita 1.6. Rangi za upinde wa mvua zinazoonekana diski inapogeuzwa kwenye mwanga hazikupakwa na mtu; hutokana na mistari hiyo kuitawanya nuru, kila rangi kwa upande wake.

Namna uso unavyofukuza maji

Wataalamu hupima uhusiano wa kimiminika na uso kwa kutumia pembe mguso, yaani pembe inayofanywa na ukingo wa tone pale linapokutana na uso. Pembe iliyo chini ya nyuzi 90 huonesha kuwa maji hutandaa. Iliyo juu ya nyuzi 90 huonesha kuwa maji hujikusanya. Uso laini, hata ukipakwa kemikali kali zaidi ya kufukuza maji, hauvuki sana nyuzi 120. Ili kufikia nyuzi 150 na zaidi, ambapo tone huwa karibu duara na kubingirika kwa mwinamo mdogo, ni lazima uso uwe na maumbo.

Jambo hili huonekana shambani. Maji yakimwagwa juu ya jani la mgimbi hujikunja kuwa vidonge vinavyong’aa na kuteleza, na jani hubaki kavu. Mwaka 1997, wanasayansi Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, walichapisha utafiti ulioeleza sababu: majani ya mimea kama yungiyungi takatifu la Asia yana vinundu vidogo vilivyofunikwa na nta yenye maumbo madogo zaidi. Tone hukaa juu ya ncha za vinundu, na hewa hubaki imenaswa chini yake. Vumbi nalo hushika kwenye ncha chache tu, hivyo tone linapobingirika hulizoa na kuondoka nalo. Hesabu za hali hiyo ya hewa kunaswa chini ya maji zilikwisha kuandikwa na Cassie na Baxter mwaka 1944.

Mafuta ni changamoto kubwa zaidi. Maji yana mvutano wa uso wa takriban milinyutoni 72 kwa mita, ilhali mafuta mengi yana kati ya 20 na 30, hivyo hupenya kwa urahisi katikati ya vinundu. Ili kuyazuia, wahandisi hutengeneza nguzo zenye kichwa kipana kama uyoga, ambazo ukingo wake hukizuia kimiminika kisishuke. Mwaka 2014, watafiti Tingyi Liu na Chang-Jin Kim wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionesha kwa nguzo za silika kuwa umbo la kingo pekee, bila kupakwa kemikali yoyote, linaweza kufukuza hata vimiminika ambavyo kwa kawaida hutandaa kila mahali.

Namna nuru inavyotumika kupima

Njia ya kwanza ni ya mifereji. Plastiki huchapwa mifereji iliyopishana kwa nanomita mia kadhaa, kisha hufunikwa kwa utando mwembamba unaoongoza nuru. Uso huo huakisi rangi moja maalumu. Protini au kingamwili ikijishikiza juu yake, rangi inayoakisiwa husogea kidogo, na kifaa huupima msogeo huo bila kuhitaji dawa ya kutia rangi. Mwaka 2002, Brian Cunningham na wenzake nchini Marekani walichapisha maelezo ya kihisi cha aina hii kilichotengenezwa kwa plastiki.

Njia ya pili hutegemea jambo lililogunduliwa na mwanasayansi wa India, C. V. Raman, mwaka 1928: nuru ikigonga molekuli, sehemu ndogo sana hurudi ikiwa na rangi tofauti, na mabadiliko hayo hutambulisha molekuli husika kama alama za vidole zinavyomtambulisha mtu. Dalili hiyo ni hafifu mno. Hata hivyo, nguzo za plastiki zikifunikwa kwa dhahabu au fedha, huikuza mara nyingi, hata mara milioni moja au zaidi.

Hapa ndipo kazi mbili za uso hukutana. Tone lililowekwa juu ya uso wa kawaida hutandaa, na kile kinachotafutwa husambaa. Juu ya uso unaofukuza maji, tone hukauka likijikusanya, na yote yaliyokuwamo hubaki mahali padogo panapomulikwa. Mwaka 2011, watafiti wa Italia walitumia mbinu hiyo kwenye nguzo za silikoni na kutambua molekuli zilizokuwa chache mno ndani ya kimiminika.

Umuhimu kwa afya na usalama wa chakula

Sumukuvu, kwa mfano, haionekani kwa macho wala haitambuliki kwa ladha. Mwaka 2016, mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliathiri watu 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Kupima mahindi na karanga kwa uhakika huhitaji vifaa vya maabara, na mara nyingi mazao huwa mbali na maabara hizo. Ndiyo maana watafiti katika nchi mbalimbali wanavijaribu vihisi vya nuru kwa sumu za aina hii, wakilenga kipimo cha bei nafuu kinachoweza kutumika karibu na ghala.

Utengenezaji

Maumbo huchongwa kwanza kwenye bamba la silikoni, kisha hunakiliwa kwenye nikeli kupata mhuri. Mhuri huo hukandamizwa kwenye plastiki iliyopashwa moto, au huwekwa ndani ya kalibu inayojazwa plastiki iliyoyeyushwa. Mwaka 1995, Stephen Chou na wenzake nchini Marekani walionesha kuwa uchapaji wa namna hii huweza kutoa maumbo ya nanomita 25. Gharama kubwa iko kwenye mhuri; nakala zinazofuata huwa za bei ndogo.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, nyuso hizi si za kudumu milele. Msuguano huvunja nguzo, shinikizo la maji huifukuza hewa iliyonaswa, na sabuni hupunguza mvutano wa maji na kuyaruhusu kupenya.

Pili, bidhaa nyingi zinazofukuza maji na mafuta zimetegemea kemikali za florini ambazo haziozi kwa urahisi katika mazingira. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania ni mwanachama tangu mwaka 2004, umeziorodhesha baadhi yake: PFOS mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022. Plastiki kama polipropilini, ambayo kwa asili haipendi maji, ikipewa maumbo yanayofaa huweza kufukuza maji bila kemikali hizo. Kwa hiyo, mnunuzi ana haki ya kuuliza bidhaa imepakwa nini.

Tatu, kihisi kilichofanya kazi katika utafiti bado si kipimo kilichoidhinishwa. Usalama wa chakula nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na matokeo ya vifaa visivyothibitishwa hayapaswi kuwa msingi wa kuamua kama chakula kinafaa kuliwa. Kwa sasa, kinga iliyo mikononi mwa kila kaya ni kukausha mazao vizuri, kuyahifadhi pakavu, na kutenga punje zilizovunda au kuota ukungu.