Sanamu Tano za Mfalme Ezana

Wasikilizaji wetu wa Babati na kwingineko, Wayunani wa kale walikuwa na desturi hii: mtu akishinda vita, au akiokoka katika hatari, alimsimamishia mungu wake sanamu, na katika jiwe la chini yake akachora jina lake mwenyewe, jina la mungu, na sababu ya zawadi ile. Desturi hiyo ilifika hata Aksum, katika nchi ya Uhabeshi, ambayo leo huitwa Ethiopia.

Huko Aksum liko jiwe la Mfalme Ezana, la karne ya 4. Limeandikwa kwa Kiyunani, lugha ya wafanya biashara wa Bahari ya Sham, na tena kwa Kigeezi, kwa herufi za namna mbili. Lasema kwamba Wabeja waliasi, naye mfalme akawatuma ndugu zake wawili, Sheazana na Hadefa, kuwapiga. Wabeja wakashindwa. Wakuu wao sita na watu 4,400 wakahamishwa pamoja na mifugo yao. Wakapewa nguo, chakula na ng'ombe, wakakalishwa ugenini. Kisha mfalme, kwa shukrani, akaweka wakfu sanamu tano: moja ya dhahabu, moja ya fedha, na tatu za shaba. Katika Kigeezi mungu aliyepewa ni Mahrem. Katika Kiyunani aitwa Ares, mungu wa vita wa Wayunani, ili mgeni naye afahamu. Mwandishi yule alikuwa na akili, na hila kidogo.

Sanamu zenyewe zimetoweka. Lakini Wajerumani waliochunguza magofu ya Aksum mwaka 1906 waliona jiwe pana lililochongwa mashimo ya nyayo mbili, kila moja urefu wa sentimita 92, yaani zaidi ya mara tatu ya unyayo wa mtu. Hapo palisimama sanamu ya madini. Ezana naye baadaye akawa Mkristo, asimtaje Ares tena.

Lugha ya Wagorowa wa Babati huhesabiwa na wataalamu katika jamaa ya lugha za Kikushi, na ya Wabeja vilevile. Basi twapenda mlitazame jiwe lile kwa upande wa wale 4,400. Mfalme ametajwa kwa vyeo vyake vyote, na kimojawapo ni kuwa mfalme wa hao Wabeja. Ndugu zake wametajwa. Mungu amepata majina mawili. Sanamu zimehesabiwa kwa madini yake. Katika wale wakuu sita, hakutajwa jina hata mmoja.