Sadaka kwa sarafu za kidijitali: kutoka ng'ambo hadi Dilolo

Tuseme ndugu yetu aliye Ulaya anataka kumsaidia mjane wa Dilolo, mji wa mpakani na Angola, zaidi ya kilomita 400 kwa reli kutoka Kolwezi. Anaambiwa atume bitcoin, kwa kuwa kila mtu ataona fedha zimekwenda wapi. Je, ni kweli?

Bitcoin ilianza mwaka 2009 juu ya blokucheni, yaani daftari la hesabu lenye nakala kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja. Malipo yakishaandikwa humo, hakuna mweka hazina awezaye kuyafuta. Mwaka 2017 Shirika la Chakula Duniani lilitumia daftari la namna hiyo Jordan, katika kambi ya Azraq. Wakimbizi 10,000 wa Syria walinunua chakula dukani kwa kutambuliwa macho tu, na ada za benki zikapungua. UNICEF nayo inapokea sarafu hizi tangu 2019.

Lakini mjane wa Dilolo hanunui unga kwa bitcoin. Lazima mtu azibadilishe ziwe faranga au dola, kisha azitume kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ama ampe mkononi. Mtu huyo daftari halimwoni.

Huku kwetu mashariki tumekwisha kuona hatari hiyo, hata bila bitcoin. Mwaka 2022, Kivu ya Kusini, GiveDirectly ilikuwa ikizitumia familia maskini fedha kwa simu. Malipo yalionekana yamefika. Kumbe baadhi ya wafanyakazi wake walikuwa wamezishika kadi za simu zilizopaswa kuwa za familia hizo, na takriban dola 900,000 zikaibwa. Shirika lenyewe lilitangaza jambo hilo mwaka 2023. Blokucheni isingeuzuia wizi huo, maana ingeandika tu kwamba fedha zimefika kwenye namba fulani.

Bei nayo haitulii. Novemba 2021 bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmodi baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Kanisa likipokea sarafu hizi, lizibadilishe siku ileile. Maneno ya siri ya pochi yakipotea, fedha zimepotea, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Ziko pochi zinazodai idhini ya watu wawili au watatu kabla fedha hazijatoka. Hizo ndizo tunazozipendekeza, funguo zikikaa kwa mchungaji, shemasi na mama mmoja wa kanisa, kila mmoja na wake. Hata Paulo, alipopeleka mchango wa Yerusalemu, aliandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa (2 Wakorintho 8).

Kisha watu wawili ambao hawakushika fedha waende nyumbani kwa mjane. Wamwulize amepokea kiasi gani, siku gani, na laini ya simu iliyopokea iko mikononi mwa nani.