Lango Lisilo na Simba

Mwanafunzi mmoja wa Guta aliwahi kuniuliza swali ambalo nililijibu upesi kupita elimu yangu. Nilikuwa nikiwasimulia darasani habari za Mycenae, mji wa kale wa Wagiriki, na lango lake lililojengwa yapata mwaka 1250 kabla ya Kristo: mawe mawili ya kusimama, la tatu limelazwa juu yake, uzito wake wakadiriwa kuwa tani 20, na juu ya hilo wamechongwa simba wawili waelekeanao. Kijana yule akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, huku kwetu ziwani hapakuwa na lango la namna hiyo?" Nikajibu kuwa hapakuwa. Msomaji atanisamehe, nilikuwa nimesoma ya mbali nikasahau ya jirani.

Miaka michache baadaye nilifunga safari kwenda kulifuta jibu lile. Kutoka Guta nilipita Bunda, nikavuka Mto Mara kwa daraja la Kirumi, nikapanda Tarime, nikavuka mpaka pale Sirari. Na kutoka mji wa Migori, nchini Kenya, nikaelekea kaskazini-magharibi hata Thimlich Ohinga. Katika Kijaluo ohinga ni boma.

Boma kubwa kuliko yote pale huitwa Kochieng. Kuta zake zina kimo cha baina ya mita 1.5 na 4.5, wala hazina chokaa wala udongo wa kuzishika. Mafundi walijenga nyuso mbili za mawe, wa nje na wa ndani, kisha wakashindilia katikati vijiwe vya kuzifunga pamoja. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yaliokotwa, yakageuzwa huku na huku, yakajaribiwa mpaka kila moja likapata mahali pake. Nilikaa mbele ya ukuta ule nusu ya asubuhi nikiitafuta kasoro, nikachoka mimi. Wataalamu husema kazi hii ni ya karne ya 16, na kwamba jamii za lugha mbalimbali zilipokezana kukaa humo na kuzitengeneza kuta zilipobomoka.

"Inama, mwalimu," alisema mzee aliyeniongoza. Nikainama. Lango ni fupi na jembamba, limefunikwa kwa mawe marefu, na mtu mzima hapiti ila kwa kuinamisha kichwa. Adui aliyeinamisha kichwa amekwisha kumpa mlinzi shingo yake. Wafalme wa Mycenae walitaka mgeni ainue macho aone simba. Watu wa Kochieng walitaka atazame chini. Mimi naona hila ya pili ina akili zaidi, na gharama yake ni ndogo.

Ndani kuna alama za nyumba na mazizi, na nje ya ukuta palikuwa na kiwanda cha wahunzi. Maboma mengine, Kakuku, Koketch na Koluoch, yako karibu. Na katika eneo zima la huko yamehesabiwa majengo ya mawe 521.

Nilimwuliza mzee ni nani waliojenga. "Ni babu zetu, na waliowatangulia babu zetu," akasema, kana kwamba nimeuliza nani aliyepanda mtama. Wagiriki wa baadaye hawakuwa na utulivu huo: Pausanias, katika karne ya 2 baada ya Kristo, aliandika kuwa kuta za Mycenae zasemwa kuwa kazi ya majitu. Nasi Waafrika tulinyang'anywa Zimbabwe Kuu kwa namna hiyo. Karl Mauch alipoifikia mwaka 1871 aliihusisha na Malkia wa Sheba. Haikurudishwa kwa wenyewe katika vitabu vya wataalamu mpaka uchimbaji wa mwaka 1905 na ule wa Gertrude Caton-Thompson wa mwaka 1929. Thimlich Ohinga iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Niliporudi Guta, kijana wangu alikuwa amekwisha maliza shule. Nilimkuta mwaloni asubuhi akianika dagaa.

"Lile lango lipo," nikamwambia.

"Lina simba, mwalimu?"

"Halina."

Akafikiri kidogo, mikono imejaa dagaa. "Basi lina nini?"

Nikainama palepale mchangani kumwonyesha, na wachuuzi wote wakageuka kutazama.