Umeme wa kukesha

Seva za mtumba zilizokataa kuwaka ni za aina mbili, ingawa mnunuzi aliyesimama kaunta haoni tofauti. Ya kwanza ni giza tupu: umechomeka waya, umebonyeza kitufe, hakuna hata taa moja. Ya pili ina kitaa cha rangi ya chungwa kwenye kitufe, na pengine kingine cha kijani huko nyuma kwenye pawa saplai, lakini bonyeza mpaka kidole kiume, feni hazizunguki. Mafundi huzitenga kwa maneno machache. Ile ya kwanza "haina moto". Hii ya pili "ina stendibai, ila haiwaki". Anayeelewa neno hilo stendibai ameshapunguziwa nusu ya kazi, kwa sababu anajua aanzie wapi: upande wa ukutani au upande wa bodi.

Zamani neno hilo halikuwa na kazi. Kompyuta za mezani za kabla ya mpangilio wa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995, zilikuwa na swichi ya kweli. Umeme wa ukutani ulipita kwenye swichi yenyewe, na ukiizima mzunguko umekatika, basi. ATX iliondoa utaratibu huo. Kitufe cha mbele sasa hakikati wala kuunganisha umeme mkubwa; kinapeleka ombi. Ili ombi lipokelewe, lazima pawe na sehemu ya mashine iliyo macho, na sehemu hiyo nayo inataka umeme wake. Ndiyo kazi ya waya wa zambarau kwenye plagi kubwa inayoingia kwenye bodi. Unabeba volti 5 muda wote pawa saplai ikiwa imechomekwa, hata kama mashine "imezimwa" tangu wiki iliyopita. Kuna na waya wa kijani. Bodi ikikubali ombi la kitufe, inaushusha waya huo hadi volti sifuri, na hapo ndipo pawa saplai inapofungulia mikondo mikubwa ya diski, feni na prosesa. Muda usiofika sekunde moja baadaye, waya wa kijivu unajibu kwamba volti zimetulia, na prosesa inaruhusiwa kuanza.

Kwenye seva nyaya hizo za rangi mara nyingi huzioni, maana pawa saplai inasukumwa kwa nyuma na kujifunga yenyewe, na mkondo wake mdogo kwa kawaida ni wa volti 12. Kazi ni ileile, ila unalisha kitu kikubwa zaidi. Ndani ya seva kuna kompyuta nyingine ndogo, yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na mara nyingi tundu lake la mtandao. HP huiita iLO, Dell huiita iDRAC, na kanuni za IPMI, zilizotolewa mwaka 1998 na Intel, Dell, HP na NEC, ndizo zilizoweka namna ya pamoja ya kuzungumza na vidude hivi. Seva ikiwa "imezimwa", hiki kiko macho: kinapima joto, kinaandika matukio, kinangoja amri ya kuiwasha mashine kutoka mji mwingine.

Kwa hiyo, ukichomeka waya, kompyuta hiyo ndogo ndiyo inayowaka kwanza, na inaweza kuchukua dakika moja au zaidi kabla ya kukisikiliza kitufe. Kwenye ProLiant za HP za kuanzia Gen8, soma taa ya kitufe: imezimika, hakuna umeme; chungwa, mashine imelala; kijani inayopepesa, inajiandaa kuwaka; kijani iliyotulia, imewaka. Mtu anayechomeka na kubonyeza hapohapo, kisha akaitangaza mashine kuwa mfu, ameihukumu kabla haijafungua macho.

Sasa tuuite nini umeme huu mdogo, ambao mafundi huuita stendibai? "Umeme wa akiba" ndiyo tafsiri inayokuja haraka, na ndiyo mbaya kuliko zote. Akiba kwetu ni jenereta ya nyuma ya jengo na betri za UPS, yaani kile kinachoshika umeme wa kawaida ukikatika. Kiingereza kinatumia neno moja kwa jenereta hiyo na kwa mkondo huu mdogo, lakini hatulazimiki kuurithi utata wake. Mwanafunzi akisoma "hakikisha umeme wa akiba upo" atakwenda kukagua betri.

"Umeme wa kusubiri" ni afadhali, ila una kasoro ya masikioni. Mteja wa umeme wa nchi zetu anajua sana kuusubiri umeme. Atadhani ni ule ambao haujafika. Nami nilipenda kwa muda "umeme wa zamu", kwa mfano wa daktari wa zamu, aliyepo wodini wakati wengine wamekwenda nyumbani. Lakini zamu ni pia kupokezana, na katika miji iliyoonja mgao, umeme wa zamu ni ule unaopata mtaa wenu leo na mtaa wa jirani kesho. Neno zuri, bahati mbaya.

Ninaloliunga mkono ni "umeme wa kukesha". Mlinzi wa usiku hufanya hivi hasa: nyumba imelala, yeye yuko macho, na kazi yake si kufanya shughuli za nyumba bali kuitika mlango ukigongwa. Wapo watakaosema kukesha ni kwa watu na ni kwa usiku tu. Sioni kizuizi, tunasema taa imekesha ikiwaka, na hakuna anayeshangaa. Wala sitaki kulifukuza stendibai karakana. Libaki huko na lishamiri. Ila kitabu cha mafunzo kinahitaji neno linalojieleza kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kushika pawa saplai.

Istilahi ipimwe mezani, mashine ikiwa imefunguliwa. Tuseme seva haina umeme wa kukesha. Hapo hatujaigusa bodi bado. Badili waya, badili tundu la ukutani, ondoa ekstensheni. Kama ina pawa saplai mbili, chomoa zote, kisha ijaribu moja moja, kwa sababu moja iliyopata shoti inaweza kuizuia na nzima. Halafu itazame pawa saplai yenyewe ni ya namna gani. Seva zilizotoka kwenye vituo vya makampuni ya simu huja wakati mwingine na pawa saplai za volti 48 za mkondo mnyoofu, zenye skrubu za kufungia nyaya mahali pa tundu la kawaida. Nyingine hazina pawa saplai kabisa: nyingi za mpango wa Open Compute, ulioanzishwa na Facebook mwaka 2011, hupokea umeme kutoka kwenye ukanda wa shaba wa kabati zima. Ni rahisi sana sokoni, na mnunuzi huelewa sababu akiwa ameshafika nayo nyumbani.

Kitu kimoja usifanye: kufungua pawa saplai kwa udadisi. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 baada ya kuchomoa, nayo haiulizi kama ulikuwa unaangalia tu.

Tuseme sasa umeme wa kukesha upo, na bado haiwaki. Hii ndiyo hali nzuri, kwa sababu mashine inaweza kujieleza. Chomeka waya wa mtandao kwenye tundu la iLO au iDRAC, ingia kwa kivinjari, soma kumbukumbu ya matukio. Mara nyingi imeandika yenyewe: pawa saplai mbili zisizolingana, prosesa haipo kwenye soketi ya kwanza, volti fulani ya bodi imeshindwa. Nenosiri la mwenye mali wa kwanza likikuzuia, kwenye ProLiant kwa kawaida kuna swichi ndogo kwenye bodi ya kulipuuza. Mchoro wake huchapishwa ndani ya kifuniko. Kisha punguza mzigo: prosesa moja, ramu moja, bila diski. Safari ya meli na malori hulegeza vitu, na kwenye baadhi ya ProLiant za zamani kizimba cha kadi za PCI kisipokaa sawasawa bodi haikubali kuwaka kabisa, kwa makusudi ya usalama.

Limebaki jambo ambalo jina hili linalieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Sakiti ya kukesha haipumziki. Feni na diski huzimwa mashine ikizimwa, lakini sakiti hii inafanya kazi muda wote waya ukiwa ukutani, usiku, sikukuu, hata miezi ambayo seva haitumiki. Kapasita zake hukauka polepole kwa joto. Kapasita iliyochoka inaweza kuendelea kuushikilia mkondo uliokwisha kuanza, pawa saplai ikiwa na moto wake, lakini ikishachomolewa, ikapoa na kukaa ghalani, haina tena nguvu ya kuuanzisha. Ndiyo maana muuzaji anayeapa kwamba seva ilikuwa inafanya kazi mpaka siku ilipong'olewa kwenye kabati huenda anasema kweli tupu. Mashine haikuharibika njiani. Ilizimwa kabisa kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ukiikuta imekufa ganzi, tafuta kwanza pawa saplai nyingine yenye namba ileile ya kifaa, ya mkononi mwa jirani ikibidi, kabla hujakubali bei ya bodi.