Pishi na Kibaba: Haki ya Mwenye Njaa katika Lugha na Desturi za Pwani

Mara nyingi utoaji wa Waislamu kwa wenye njaa huelezwa kama jambo la huruma peke yake: tajiri amwona maskini, moyo wake walainika, naye hutoa. Huruma ina sifa yake, wala sikusudii kuipunguza. Lakini mtu akitazama maneno ya Kiswahili yanayohusu jambo hili, pamoja na desturi zilizoyazaa, ataona kwamba wazee wa pwani hawakuiachia huruma kazi hiyo yote. Chakula cha mwenye njaa kilikuwa na kipimo chake, na siku yake, na mahali pake. Katika makala haya nimekusudia kueleza habari za kipimo hicho: jinsi kilivyofanya sadaka kuwa haki, na jinsi haki hiyo ilivyopungua pale ambapo mali ilikwenda njia nyingine na kipimo kikabaki nyuma.

Tuanze na vipimo vyenyewe. Katika Madina ya zama za Mtume nafaka ilipimwa kwa swaa, na swaa moja ilikuwa mudi nne. Katika pwani ya Afrika Mashariki nafaka ilipimwa kwa pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Kibaba cha mchele kilikuwa yapata ratili moja na nusu, na pishi yapata ratili sita, yaani karibu kilo 2.7 kwa hesabu ya leo. Kwa hiyo walimu wa pwani walipofasiri vitabu vya fikihi hawakuhitaji kuazima majina mapya: swaa ikawa pishi, na mudi ikawa kibaba. Mkulima asiyejua herufi moja ya Kiarabu aliweza kuitimiza sheria kwa chombo kilekile alichopimia chakula cha nyumbani kwake.

Si jambo dogo hilo. Kila mwenye kupata ziada ya chakula cha siku ya Idi amewajibika kutoa fitri pishi moja kwa nafsi yake, na pishi moja kwa kila mtu aliye juu yake, hata mtoto mchanga. Mzee asiyeweza kufunga hutoa kibaba kimoja kwa kila siku iliyompita. Ziko kafara zinazodai kulishwa maskini 60, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, kila mmoja wao hupewa kibaba chake. Tena madhehebu hayo yataka fitri itolewe katika chakula ambacho watu wa mji ule wamezoea kukila, ilhali wafuasi wa Abu Hanifa wameruhusu thamani yake kwa fedha. Waweza kuona maana yake: mtoaji hakuulizwa ana huruma kiasi gani, wala mpokeaji hakuulizwa atashukuru vipi. Kilichoulizwa ni kama kibaba kimejaa.

Juu ya hayo ipo zaka ya mazao. Kurani yaagiza haki ya mazao itolewe siku ya kuvuna. Shamba linalonyweshwa na mvua hutoa sehemu moja katika kumi, na lile linalonyweshwa kwa taabu ya watu na wanyama hutoa nusu ya hiyo. Asiyefikisha wasaki tano hatozwi kitu. Na kwa kuwa wasaki moja ni swaa 60, kiwango hicho ni pishi 300. Hivyo mkulima mdogo alindwa na sheria ileile inayomdai mkubwa. Inasimuliwa kwamba Mtume alipompeleka Muadh bin Jabal Yemen alimwagiza achukue zaka kwa matajiri wa huko na kuwarudishia maskini wao. Kutokana na habari hiyo wanazuoni wa Kishafii wakashika kwamba zaka isihamishwe mahali ilipo mali ikiwa wapo wanaoistahili. Basi mwenye shamba anayekaa mjini hana ruhusa kuipeleka zaka ya mpunga wake mjini. Wenye haki ya kwanza ni fukara wanaoishi kando ya shamba.

Nimetaja fukara, na hapa lugha yenyewe ina ushahidi. Kurani yataja mafungu manane ya watu wanaopewa zaka, na mawili ya kwanza ni mafukara na maskini. Wanazuoni wamehitilafiana ni yupi mwenye dhiki zaidi. Wafuasi wa Abu Hanifa na wa Malik husema ni maskini; wafuasi wa Shafii husema ni fukara, na moja katika hoja zao ni kwamba Kurani, katika kisa cha Musa, imewaita maskini watu waliokuwa na jahazi lao baharini. Mwenye jahazi ana kitu, ingawa hakimtoshi. Sasa tazama Kiswahili: maskini ni neno jepesi, hata huwa neno la kumsikitikia mtu yeyote aliyepatwa na jambo, fukara ni yule asiye na mbele wala nyuma. Yamkini mafundisho ya darasani ndiyo yaliyoyapanga maneno haya mawili katika vinywa vya watu wasiopata kukaa darasani.

Basi njaa ya shamba ina wakati wake. Mkulima hana njaa siku ya kuvuna; ana njaa miezi kabla yake, ghala inapokuwa tupu na mimea ingali michanga. Watu wa pwani walikuwa na hesabu mbili za mwaka. Ya kwanza ni ya mwezi, kwa ajili ya ibada, na mwaka wake una siku 354 au 355. Ya pili ni ya jua, inayoanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi, kwa ajili ya kulima na kusafiri baharini. Zaka ya mazao hufuata jua. Fitri hufuata mwezi, nao mwezi huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka kama 33. Mwaka 2016 fitri ilitolewa mwanzo wa Julai, baada ya masika, wakati ambapo sehemu nyingi za pwani huwa zimevuna. Mwaka 2025 ilitolewa mwisho wa Machi, masika yanapoanza na wakulima wengi wakiwa wamebakiza mbegu tu. Pishi ni ileile, lakini uzito wake katika nyumba ya fukara si mmoja.

Kwamba sheria yapaswa kutazama msimu si fikira ya leo. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, yaani 639, Uarabuni kulikuwa na ukame mkubwa uliokumbukwa kwa jina la Mwaka wa Majivu. Wanahistoria wa Kiislamu wasimulia kwamba Khalifa Umar aliahirisha kukusanya zaka mpaka mvua irudi, akaagiza chakula kutoka Misri na Shamu, na yeye mwenyewe akaacha kula samli mpaka watu wapate nafuu. Alitambua kwamba kudai kipimo kwa mtu aliyekwisha kuwa fukara ni kukigeuza kipimo kimwumize yule ambaye kiliwekwa kwa ajili yake.

Katika pwani yetu kipimo kilipata shida ya namna nyingine. Katika karne ya 19, zama za Sayyid Said aliyefariki 1856 na za wanawe, mikarafuu ilienea Unguja na Pemba, na minazi ikaongezeka. Sasa, kwa madhehebu ya Shafii, kama yalivyoelezwa katika Minhaj al-Talibin cha al-Nawawi aliyefariki 1277, zaka ya mazao imo katika tende na zabibu na nafaka zinazoliwa na kuwekwa akiba, kama mchele na mtama. Karafuu si chakula. Nazi haimo katika hesabu hiyo. Ni kweli kwamba fedha inayopatikana kwa kuziuza ina zaka ya sehemu moja katika 40, ikitimiza kiwango na kukaa mwaka. Tena wenye mashamba makubwa wengi walikuwa Waarabu wa Kiibadhi, wenye fikihi yao. Walakini kwa upande wa Mashafii jambo ni wazi: ardhi ilipoacha nafaka ikashika karafuu, fungu la kumi lililopimwa kwa pishi mbele ya macho ya wanakijiji siku ya mavuno liliondoka. Mahali pake pakabaki fedha iliyomo sandukuni, ambayo mwenyewe ndiye ajuaye hesabu yake. Haki haikufutwa, bali ilitoweka machoni, na haki isiyoonekana ni vigumu kuidai.

Upungufu wa pili ulikuwa katika mpaka wa haki yenyewe. Zaka, kwa kauli ya Mashafii, hupewa Mwislamu; sadaka ya hiari hapana azuiwaye. Katikati ya miaka ya 1880 njaa iliwapata watu wa nyuma ya Mombasa, ambao leo waitwa Wamijikenda, na wakati ule wengi wao hawakuwa Waislamu. Baadhi ya jamaa waliwaweka watoto na ndugu zao rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka, na katika waliowekwa wako ambao hawakukombolewa, wakaishia utumwani. Pishi iliyowatokea hao ilikuwa pishi ya mkopo. Neno sadaka lilikuwapo, na mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mwenye njaa. Lakini sadaka haikuwa na kipimo wala siku, na mwaka wa njaa kubwa haukungoja hiari ya watu. Hapa ndipo twaona tofauti ya maneno haya mawili ilivyoweza kuwa tofauti ya mtu kula na kuuzwa.

Mwisho nataka kutaja mabadiliko ya maneno. Kibaba cha mzee asiyeweza kufunga kiliitwa fidia. Leo, ukitaja fidia, wengi hufikiri malipo ya mahakamani au ya kiwanja kilichochukuliwa. Kafara, ambayo asili yake ni kulisha maskini au kufunga au kumwacha mtumwa huru, imekuwa kwa watu wengi jina la kitu kinachotupwa njia panda au baharini ili kuondoa balaa. Chakula kilichokuwa cha kinywa cha mwenye njaa kimepata mahali pengine pa kwenda, na jina limekifuata. Pishi nayo imeiachia kilo nafasi yake; wengi hukijua kibaba katika methali tu, ile ya haba na haba.

Sisemi kwamba vyombo vya zamani virudi sokoni. Nasema kwamba aliyetaka kuondoa njaa ya shamba kwa njia ya dini alikuwa na maswali manne ya kujibu: kiasi gani, siku gani, mahali gani, na kutoka katika mali ipi. Maneno ya wazee yalikuwa na majibu yake. Kwa hiyo wenzetu wanaokusanya msamiati katika vijiji vya mwambao na visiwani wasiandike zaka na fitri na fidia kama majina ya ibada tu. Waandike pia nani alipima, kwa chombo gani, na nafaka ilikwenda nyumba ya nani.