Bada, chukuchuku na chai ya mkandaa: nani alitangulia?

Nimeadimika kidogo, majaribio yamefuatana kama mabehewa, lakini tupo. Leo sina umbea wa hosteli wala malalamiko ya foleni ya chakula. Leo nawaletea historia, tena historia ya kuliwa.

Chanzo ni ubishi. Juzi tulikaa watu kama sita, kila mmoja anasifia chakula cha usiku cha kwao. Mie nikataja cha kwetu Moa: bada, mchuzi wa chukuchuku, mchunga pembeni, na ukishanawa mikono unaletewa chai ya mkandaa. Mwenzetu mmoja (simtaji, anajijua, hehe) akasema bada ni chakula cha njaa, watu wanakula kwa sababu sembe imewashinda bei. Mwingine akajitia kunitetea, na utetezi wake ndio ulioniudhi zaidi: eti tumuacheni, hicho ndicho chakula chao cha asili, mababu zao wamekula hivyo hivyo tangu dunia iumbwe. Nikasema hapana, hawa wote wawili wanahitaji darasa.

Kwa wasiopajua, Moa iko pwani kabisa, wilaya ya Mkinga, kaskazini ya Tanga mjini. Ukisogea mbele kidogo umeingia Kenya, upande wa Vanga. Ni kwa Wadigo, Wasegeju na Washirazi, mbele bahari na mikoko, nyuma minazi na mashamba ya muhogo. Bada ni ugali wa muhogo. Muhogo unamenywa, unakatwa, unaanikwa juani mpaka unakuwa makopa makavu, unatwangwa, unachekechwa, ndio unasongwa. Rangi yake si nyeupe ya kung'aa kama sembe, na unavutika. Chukuchuku ni samaki wa kuchemshwa kwa ndimu, chumvi na pilipili, hakuna nazi, hakuna mafuta. Siku mkono ukiwa mzuri ndio anatiwa tui.

Sasa tuanze na huyo wa "tangu dunia iumbwe". Katika sahani hiyo mzee wa kweli ni samaki. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Pilipili hiyo kali, Amerika vile vile. Nyanya ukiitia, Amerika tena. Hata mahindi, ambayo jina lake linatudanganya kuwa yametoka Uhindini, ni ya huko huko Amerika. Maana yake kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492, hakuna bibi yeyote wa pwani hii aliyesonga bada wala ugali wa mahindi. Haiwezekani!

Walikula nini basi? Mtama na uwele. Wataalamu wa mambo ya kale waliochambua mbegu zilizoungua kwenye magofu ya Tumbe na Chwaka kule Pemba waligundua kwamba zamani zaidi uwele ndio uliotawala, mchele ukaja kushika nguvu kuanzia karne ya 11 hivi. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa watu wa kisiwa kile hawalimi nafaka, wanaletewa kutoka bara ya Waswahili, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Jamani, ndizi na samaki! Mombasa hiyo hapo, siyo mbali na kwetu. Mie nikiwapikia nyinyi ndizi na changu usiku mtasema nimeiga Wachaga.

Kuna habari nyingine ninayoipenda mno. Mwezi Aprili 1498 meli moja ya Vasco da Gama, iliyoitwa São Rafael, ilikwama kwenye mwamba karibu na Mtangata, yaani pande za Tongoni, kusini kidogo ya Tanga. Wenyeji wakaja na mitumbwi, mmoja umejaa machungwa, na yule Mreno aliyeandika kumbukumbu ya safari akakiri kwamba ni mazuri kuliko ya kwao Ureno. Mwaka uliofuata, Januari 1499, meli ile ile waliichoma moto maeneo hayo hayo kwa sababu mabaharia walikuwa wamekufa wengi na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Kwa hiyo wale wanaodhani machungwa ya Tanga yameanza kusifiwa na abiria wa mabasi pale Muheza, sifa zina miaka zaidi ya mia tano.

Hao Wareno ndio walioleta muhogo kutoka Brazili. Haukupokelewa siku moja. Ila Burton alipozunguka Unguja, Tanga na Pangani mwaka 1857, muhogo ulikuwa tayari ni chakula cha kila siku cha watu wa kawaida visiwani na pwani. Kwa nini ulishinda? Hapa ndipo ninapotaka yule wa "chakula cha njaa" asikilize vizuri.

Mwaka wa 1894 nzige walivamia sehemu kubwa ya kaskazini mwa koloni la Wajerumani, na miaka iliyofuata mpaka kuelekea 1900 ikawa na ukame na njaa kwa vipindi. Nzige anakula mtama, anakula mahindi, anakula majani yote, lakini hajui kuchimba. Muhogo uko chini. Unaweza kukaa ardhini mwaka mzima au zaidi ukakusubiri, huna haja ya ghala, wala panya hana nafasi kubwa. Na kwa watu ambao mume yuko baharini kwa kufuata bamvua na mwezi, zao lisilodai livunwe wiki hii hii ni neema. Halafu muhogo mchungu una sumu, nguruwe na nyani wanaukwepa, binadamu ndiye anayejua kuuanika na kuutwanga mpaka sumu itoke. Hiyo ni elimu, tena ya akina mama, na ukikosea hatua moja unaumiza watoto. Mtu anaiita ujinga wa umaskini!

Jina la chakula cha njaa lilipata nguvu serikalini. Utawala wa Waingereza uliwalazimisha watu kupanda muhogo kama akiba ya njaa, kwa amri kupitia watawala wa kienyeji. Watu waliokuwa wanaula kwa hiari yao miaka mingi wakaamriwa kuupanda, na kitu ukishaamriwa na bwana shauri unaanza kukionea haya. Mie naamini aibu yetu ya bada ilizaliwa hapo, siyo jikoni.

Na hiyo sembe mnayoiringia? Nayo ina historia yake, tena hapo hapo Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Ilitoka elfu moja, iliyofika salama ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba makubwa, na mashamba yakahitaji watu, wakaletwa manamba kutoka mbali, na manamba wakapewa posho ya unga wa mahindi. Mwenye shamba hakuwa na habari na ladha, alitaka unga unaopimwa kwa kibaba, unaosafirishwa kwa gunia kwenye reli na hauozi upesi. Ndivyo ugali wa mahindi ulivyojijenga kama chakula cha mtu mwenye ajira. Yaani kile tunachokiona cha kistaarabu kilianza kama chakula cha kambini. Baadaye kidogo, miaka ya shida, tukaletewa mahindi ya njano ya msaada, wazee wakayaita Yanga kwa sababu ya rangi. Wazee wa Simba walikula Yanga bila kupenda, kwi kwi kwi.

Haya, tuje kwenye kinywaji, maana chakula bila cha kuteremshia ni adhabu.

Zamani cha kuteremshia kilikuwa maji ya mtungi, dafu, au togwa. Tembo la mnazi lilikuwepo, lipo, na sitasema nani anakunywa kwa sababu nyumbani wananisoma. Kahawa ilikuja na wafanyabiashara wa Kiarabu, ila kahawa ni ya barazani baada ya sala ya isha, ya wanaume na maneno yao, haikuwahi kuwa kinywaji cha mkekani na watoto. Chai ndiyo iliyoingia mpaka mkekani, na chai ni mgeni wa jana tu! Wajerumani waliijaribu Amani, milima ya Usambara Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwenye kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa 1902. Kilimo cha biashara kikaanza miaka ya 1920 chini ya Waingereza. Kijijini ikafika kwa duka la Mhindi, vijifurushi vidogo, pamoja na sukari.

Mgeni akija lazima apewe jina. Chai isiyo na maziwa wengine mnaiita ya rangi, Wakenya wanaiita strungi. Sie tunaiita mkandaa. Mkandaa ni mmoja katika miti ya mikoko, gome lake ukiliroweka linatoa maji mekundu ya kahawia, watu walikuwa wakiyatumia kutia rangi ukindu na kulainishia ngozi. Kwa hiyo yule wa kwanza aliyemwagiwa chai kwenye kikombe, akaangalia rangi, akakumbuka kitu kilichoko nyuma ya nyumba yake. Mti wa zamani ukampa jina mgeni, na leo watoto wengi wanaijua chai ya mkandaa bila kuujua mti wenyewe. Hilo linaniuma kidogo.

Chai hiyo ilikuja kutingishika vibaya. Mwaka 1976 serikali ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini ili yawe ya ushirika, ile Operesheni Maduka. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa. Ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, baada ya hapo sukari ikawa kitu cha kutafutwa. Sasa fikiria mtu wa Moa. Mpaka huo wenyewe ulichorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, ukaanzia mdomo wa mto Umba na kuwagawa Wadigo nusu huku nusu kule. Shangazi yako yuko Vanga, sukari iko Vanga, na kwenda kumuona shangazi kumekuwa magendo. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, hata mwenye kilo mbili uvunguni alikuwa na wasiwasi. Bibi husimulia kuwa walikuwa wanakunywa chai kwa kulamba: sukari kidogo kwenye kiganja, unalamba kwa ncha ya ulimi, unafuatisha funda moja la chai. Wakati mwingine majani ya chai hayapo kabisa, wanachemsha mchaichai. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Lakini bada haikukosekana hata siku moja, kwa sababu haikuhitaji kibali cha mtu.

Hiyo bada ndiyo iliyo hatarini. Muhogo una maradhi mawili makubwa, na yote mawili yaliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza huku kwetu: batobato, iliyoelezwa 1894 na Mjerumani Warburg kutokana na muhogo wa Usambara, na michirizi ya kahawia, iliyoelezwa 1936 na H. H. Storey akiwa Amani, mahali ambapo kwa mstari ulionyooka hapafiki kilomita 100 kutoka Moa. Storey na wenzake walipandanisha muhogo na jamaa zake wa porini, akiwemo mpira wa Ceará ambao Wajerumani walikuwa wameupanda Tanga kwa biashara. Ndio huo huo mpira ambao tunachuma kisamvu chake, kumbe!

Batobato unaiona kwenye jani mapema. Michirizi ni mnafiki. Shina limesimama, majani yanaonekana mazuri tu, unachimba, mzizi mnene, unafurahi. Unaukata pale jikoni, jioni, maji yameshachemka, ndani kahawia na mkavu kama kizibo. Likizo iliyopita tulimenya beseni zima tukapata wa kutosha watu wawili. Bibi akautupia kuku, akanituma dukani kilo mbili za sembe.