Mchango wa Zahanati za Vijijini katika Majaribio ya Tiba

Tunaposikia habari za majaribio ya tiba, fikra zetu huelekea kwenye hospitali kubwa za mijini na maabara zake. Hata hivyo, historia ya nchi yetu yaonyesha kwamba zahanati ya kijijini nayo imeongeza elimu ya dunia. Mfano bora ni jaribio lililofanywa mkoani Mwanza tangu 1991 hadi 1994.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, taifa lilielekeza nguvu katika afya ya wakulima. Vituo vya afya vilijengwa vijijini, vikisaidiana na zahanati zilizovizunguka. Mtandao huo ndio uliowawezesha wataalamu wa Kitanzania na wenzao wa nje kuuliza swali zito: je, kuyatibu vema magonjwa mengine ya zinaa kutapunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI?

Jumuiya 12 zilichaguliwa, zikapangwa mbili mbili. Katika kila jozi, moja ilipata huduma iliyoimarishwa, na ya pili ikaendelea na huduma ya kawaida ili pawe na ulinganisho. Hospitali mpya hazikujengwa. Waganga wa zahanati walifunzwa kuutambua ugonjwa kwa dalili zake. Dawa zilifikishwa bila kukatika. Wasimamizi walipita mara kwa mara. Na wanavijiji walihimizwa kutafuta tiba mapema. Watu wazima zaidi ya 12,000 waliandikishwa, wakafuatiliwa kwa miaka miwili.

Matokeo yalitangazwa 1995. Palipoimarishwa huduma, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2, kwingineko yalikuwa 1.9. Kwa hesabu ya wataalamu, yalipungua kwa asilimia 40 hivi.

Baadaye, huko Rakai, Uganda, dawa zilipelekwa majumbani kwa vipindi maalumu, lakini maambukizi hayakupungua. Wengi walieleza kwamba UKIMWI ulikuwa umekwisha kuenea mno huko. Hivyo hatudai kwamba jibu la Mwanza lafaa kila mahali.

Lakini twajifunza jambo moja: bila mganga anayeaminika na dawa zisizokatika, swali lile lisingeweza hata kuulizwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Jaribio lilipokwisha, jumuiya za ulinganisho nazo zilipelekewa huduma ile ile. Utafiti wa haki hauna budi kuiacha zahanati ikiwa imara kuliko ulivyoikuta.